Njia za Miguu za Uingereza: Haki Iliyolindwa kwa Nyayo

Ukipanda treni katika kituo cha Paddington hapa London na kuelekea magharibi, haupiti muda mrefu kabla majengo hayajapungua na mashamba kuanza. Shuka Reading, vuka mto Thames kuingia kaunti ya Oxfordshire, na kando ya barabara utaona kitu ambacho mgeni kutoka Afrika Mashariki hukipita mara nyingi bila kukitilia maanani: nguzo fupi ya mbao yenye kibao kinachosema kuwa hapo ni njia ya miguu ya umma, na chini yake mshale wa rangi ya manjano. Mshale huo hauelekezi barabarani. Unaelekeza moja kwa moja katikati ya shamba la ngano la mtu.

Nakiri kwamba mara yangu ya kwanza nilisita. Kwetu, mtu akikukuta katikati ya mahindi yake, una maelezo marefu ya kutoa. Nilipita nikigeuka nyuma kila baada ya hatua kumi, nikimsubiri mwenye shamba aje kunifukuza. Hakuja. Na hata angalikuja, asingalikuwa na uwezo wa kunifukuza, kwani kwa mujibu wa sheria ya nchi hii shamba lilikuwa lake, lakini njia haikuwa yake.

England na Wales zina njia za umma za namna hiyo zenye urefu wa kilomita zipatazo 225,000, umbali unaotosha kuizunguka dunia zaidi ya mara tano. Siku hizi madaktari huwahimiza wagonjwa wao wazitumie, na halmashauri za kaunti huchapisha ramani ili wananchi wapunguze uzito na shinikizo la damu. Anayesikiliza matangazo hayo anaweza kudhani kwamba njia hizi zilibuniwa kwa ajili ya mazoezi. La hasha. Suala la afya lilikuja mwishoni kabisa, na likazikuta njia zipo tayari kwa sababu watu wa vizazi vingi, wengi wao maskini, walikuwa wamezigombania.

Mahakimu wawili wa kijijini

Kabla ya reli na lami, njia hizi hazikuwa na tofauti na zile tunazozijua vijijini kwetu. Zilimpeleka mkulima kanisani, kwenye kinu cha kusagia nafaka, sokoni, malishoni, na nyumbani kwa wakwe zake. Hakuna aliyezichora. Zilikuwepo kwa sababu watu walizipita. Mahakama za Kiingereza zilikuwa na kanuni ya kale kwamba njia ikishakuwa ya umma itabaki ya umma daima. Mwenye ardhi akifa, shamba likiuzwa, majani yakiota juu yake, haki ile haifi.

Kanuni ilikuwa nzuri, lakini wenye nguvu walipata njia ya kuizunguka. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Westminster lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuruhusu ardhi za pamoja zizungushiwe uzio na kugawiwa watu binafsi. Ardhi iliyohusika ilikuwa ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Mnamo mwaka 1815 ikaja sheria nyingine iliyowapa mahakimu wawili tu mamlaka ya kuifunga njia waliyoiona kuwa haina haja. Na mahakimu wa vijijini wakati huo walikuwa ni nani, kama si wenye mashamba wenyewe? Bwana mmoja alimfungia mwenzake njia inayopita mbele ya kasri lake, na wiki iliyofuata mwenzake akamlipa fadhila.

Usiku wa Berkhamsted

Upinzani uliopangwa ulianzia hapa London. Mwaka 1865 kundi la wanasheria, wabunge na wasomi liliunda chama cha kuhifadhi ardhi za pamoja, ambacho bado kinaishi hadi leo kwa jina la Open Spaces Society. Wengi wao walikuwa watu wenye nafasi zao. Hata hivyo, tukio lililowapa umaarufu lilifanywa na mikono ya vibarua.

Katika kaunti ya Hertfordshire, kilomita zipatazo 40 kaskazini magharibi ya London, uko mji mdogo wa Berkhamsted. Mwanzoni mwa mwaka 1866 Lodi Brownlow, kabaila kijana wa kasri la Ashridge, aliagiza sehemu kubwa ya malisho ya pamoja ya mji huo izungushiwe uzio wa chuma. Ulikuwa uzio wa futi tano kwenda juu, na haukuachwa upenyo wa kupita mtu wala mbuzi. Wanakijiji waliokuwa wakilisha mifugo na kukata kuni mahali pale tangu enzi za mababu waliamka wakajikuta nje.

Mtu aliyejitokeza kumkabili Lodi huyo alikuwa naye tajiri, Augustus Smith, mbunge wa zamani ambaye alikuwa na haki ya malisho katika ardhi ile. Chama cha London kilimpa ushauri wa ajabu kidogo. Badala ya kwenda mahakamani kulalamika, auvunje uzio, kisha Lodi ndiye aende mahakamani kulalamika. Ushauri huo ulikuwa na mantiki, kwani anayeshtaki ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ardhi ni yake peke yake.

Basi usiku wa tarehe 6 Machi, 1866, vibarua wapatao 120 walikusanywa London na kuwekewa treni maalumu katika kituo cha Euston. Mambo yaliharibika hata kabla ya safari. Mkandarasi aliyepewa kazi hiyo alikuwa amempa mwenziwe, na saa ya kuondoka ilipowadia wote wawili walikutwa kilabuni wamelewa chakari. Karani wa wakili, ambaye pengine maishani mwake alikuwa hajawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu, ndiye aliyelazimika kuwa jemadari. Treni iliwashusha vibarua katika kituo cha Tring baada ya saa saba za usiku. Wakatembea gizani hadi kwenye uzio, wakajipanga kwa makundi, wakaanza kazi kwa nyundo na mitaimbo. Kulipopambazuka, zaidi ya kilomita tatu za chuma zilikuwa zimelala chini, zimepangwa vizuri katika mafungu, bila ya kitu kuibiwa.

Wenyeji walipopata habari walikuja kwa miguu na kwa magari ya farasi, wakatembea juu ya ardhi yao, na wengine wakakata matawi ya vichaka vya miiba kwenda nayo nyumbani kama ushahidi kwamba mahali pale palikuwa bado pao. Kesi iliendelea hadi mwaka 1870, na Smith akashinda.

Misitu miwili

Upande wa mashariki ya London, katika msitu wa Epping, waliotangulia kupambana hawakuwa wabunge. Katika kijiji cha Loughton, kaunti ya Essex, mzee mmoja mkata kuni aitwaye Thomas Willingale aliendelea kukata matawi wakati wa majira ya baridi, kama desturi ilivyowaruhusu wanakijiji, ingawa bwana wa ardhi alikuwa amekwisha kuzungusha uzio. Watu wa familia yake walifungwa jela mwaka 1866. Kesi ile iliwafikia wakuu wa Jiji la London, ambao walikuwa na ardhi yao ndogo pembezoni mwa msitu na kwa hiyo walikuwa na haki ya kushtaki. Walishinda mwaka 1874, na sheria ya mwaka 1878 ikauweka msitu huo chini ya ulinzi wa Jiji kwa ajili ya wananchi. Miaka sita baadaye, 1884, chama cha watembeaji wa msituni kiliundwa London, na moja ya kazi zake ilikuwa kuripoti kila njia itakayozibwa.

Msikilizaji wa Nairobi atakuwa amekwisha kuelewa ninakoelekea. Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya elfu moja ndani ya mji mkuu wa Kenya, ulianza kukatwa vipande na kugawiwa wajenzi katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walikwenda kupanda miche katika ardhi iliyokwisha kugawiwa, kwa hoja inayofanana sana na ile ya Berkhamsted: tumia haki yako mahali penyewe, na mwache mpinzani wako ajieleze. Tarehe 8 Januari, 1999, walipigwa na walinzi, na Maathai akapasuliwa kichwa. Msitu haukujengwa. Leo wakazi wa Nairobi wanakimbia, wanatembea na kuendesha baiskeli katika vijia vyake, na vijana wengi wanaopiga picha kwenye maporomoko ya maji hawana habari na damu iliyomwagika langoni. Nao wakazi wa London wanaokwenda Epping siku za Jumapili hawalijui jina la Willingale.

Vijana wa Manchester

Kilichokuwa kimebaki ni nyanda za juu, hasa zile za kaskazini mwa England, ambako matajiri walifuga ndege wa kuwindwa na kuajiri walinzi wenye marungu. Huko chini ya vilima ilikuwepo miji ya viwanda, Manchester na Sheffield, iliyojaa moshi na vijana wasio na kazi. Mwaka 1884 James Bryce, mbunge, alipeleka bungeni muswada wa kuruhusu watu kutembea katika milima ya Uskochi. Ulikataliwa. Miswada mingine iliyofuata nayo ilikataliwa.

Siku ya Jumapili tarehe 24 Aprili, 1932, watembeaji wanaokadiriwa kufikia 400 walikusanyika karibu na kijiji cha Hayfield, kaunti ya Derbyshire, wakaupanda mlima Kinder Scout bila ruhusa. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Walisukumana na walinzi, walifika juu, wakateremka wakiimba, na chini wakawakuta polisi. Vijana watano walifungwa jela kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipata minne.

Hukumu zile ziliwafanyia watembeaji kazi ambayo miswada ya nusu karne haikuifanya. Hata wale waliokuwa wakiwaona vijana wa Manchester kuwa wakorofi waliona aibu kwamba mtu anaweza kufungwa kwa kosa la kutembea. Ilipotimia miaka 70, mwaka 2002, Mtawala wa Devonshire, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa mwenye mlima, alisimama hadharani na kuomba radhi.

Kazi ya kuchora

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya chama cha Labour ilipitisha sheria ya mbuga za taifa na njia za mashambani, mwezi Desemba mwaka 1949. Wengi huikumbuka kwa mbuga zake. Kwa maoni yangu, kifungu chake kikubwa zaidi ni kile kinachochosha kukisoma: kila halmashauri ya kaunti iliamriwa kuzipima njia zake zote za umma na kuzichora katika ramani rasmi. Njia iliyoingia katika ramani hiyo haihitaji tena shahidi. Ramani yenyewe ndiyo ushahidi, na hakuna mahakama itakayouliza kama kweli watu walipita hapo.

Lakini nani angezipima? Kaunti hazikuwa na watumishi wa kutosha. Kazi iliangukia halmashauri za vijiji, na huko ikawaangukia watu wa kawaida: mwalimu mkuu, karani wa posta, mke wa kasisi, wakitembea na daftari mkononi na kuwauliza wazee. Mahali palipokuwa na watu wenye bidii, ramani ilijaa mistari kama utando wa buibui. Mahali ambapo mwenyekiti wa kijiji alikuwa ndiye mwenye shamba kubwa, mistari ilikuwa haba. Tofauti hiyo inaonekana hadi leo. Unaweza kuifuata njia vizuri hadi kwenye mpaka wa kijiji, kisha ikakatika ghafla katikati ya uwanda, kana kwamba watu wa zamani walikuwa na desturi ya kutembea hadi hapo na kurudi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba London yenyewe, mahali sheria ilipotungwa, ilisamehewa. Wilaya 12 za London ya ndani hazikulazimishwa kuwa na ramani hiyo, na katika mitaa yake njia ya uchochoroni inaweza kuwa na ulinzi mdogo kuliko kijia cha kondoo huko Derbyshire.

Sheria zilizofuata zilikuwa za vitu vidogo vidogo, na ni vitu hivyo vinavyoifanya njia ipitike. Sheria ya mwaka 1968 iliilazimisha kaunti kuweka kibao kila mahali njia inapoiacha barabara. Ile ya mwaka 1990 ilimruhusu mkulima kulima juu ya njia inayokatiza shamba, kwa masharti kwamba airudishe katika hali yake ndani ya siku 14, tena kwa upana usiopungua mita moja. Rangi za mishale nazo zikawa na maana: manjano kwa waendao kwa miguu, buluu kwa wapanda farasi na baiskeli. Nayo njia ndefu ya kwanza ya taifa, Pennine Way, yenye kilomita zipatazo 430, ilifunguliwa mwaka 1965, miaka 30 tangu mwandishi Tom Stephenson alipoipigia debe katika gazeti la Daily Herald la hapa London. Tarehe iliyochaguliwa ya kuifungua ilikuwa 24 Aprili, siku ile ile ya Kinder Scout.

Utingo na dereva

Sasa tugeukie afya, na turudi mjini.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 madaktari wa Uingereza walikuwa wakishuhudia wanaume wa makamo wakianguka na kufa kwa ugonjwa wa moyo, na hawakujua sababu yake. Daktari mmoja, Jerry Morris, aliyekuwa akiongoza kitengo cha utafiti katika hospitali moja ya kaskazini magharibi mwa London, aliamua kuangalia kazi wanazofanya watu. Alikuwa na bahati ya kuishi katika mji wenye mabasi ya ghorofa. Katika kila basi walikuwemo wanaume wawili wenye mwajiri mmoja na wa tabaka moja. Dereva alikaa kitini sehemu kubwa ya zamu yake. Utingo alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya vidato kila siku ya kazi.

Morris na wenzake walifuatilia wafanyakazi wapatao 31,000 wa shirika la usafiri la London, wenye umri kati ya miaka 35 na 64. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 1953, yalionyesha kwamba mautingo walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache zaidi kuliko madereva, na ulipowapata uliwapata wakiwa na umri mkubwa zaidi na haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Ili kuhakikisha kwamba si tabu ya usukani peke yake, walilinganisha pia wapeleka barua waliotembea na kuendesha baiskeli na makarani wa posta waliokaa mezani. Picha ikawa ile ile.

Wenzake wengi hawakumwamini. Walizoea kudhani kwamba moyo huharibika kwa kutumiwa, na hapa mtu alikuwa akisema kwamba huharibika kwa kutotumiwa. Morris mwenyewe alianza kukimbia siku za Jumapili katika uwanda wa Hampstead Heath, na kwa maelezo yake watu walimwona kuwa amerukwa na akili. Uwanda huo, kwa kumbukumbu yako msikilizaji, uliokolewa usijengwe majumba mwaka 1871, katika mapambano yale yale ya Berkhamsted na Epping. Mwaka 1996 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtunukia tuzo pamoja na Mmarekani Ralph Paffenbarger. Morris alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99. Mabasi ya zamani yenye utingo yalikuwa yamekwisha kuondolewa katika safari za kawaida mwezi Desemba mwaka 2005, na kazi ya kukata tiketi ikachukuliwa na mashine.

Daktari wa Sonning Common

Hivyo basi tunarudi Oxfordshire, kwenye ule mshale wa manjano. Katikati ya miaka ya 1990 daktari wa kijiji cha Sonning Common, William Bird, alikabiliwa na tatizo ambalo kila daktari analijua: kumwambia mgonjwa afanye mazoezi ni rahisi, na mgonjwa kutofanya ni rahisi zaidi. Ukumbi wa mazoezi uko mjini na una ada yake. Maisha ya vijijini hapa Uingereza, tofauti na tunavyodhani, ni maisha ya gari. Duka liko mbali, basi hupita mara chache, na mtu anaweza kuishi miaka 20 kando ya njia nzuri ya miguu asiwahi kuikanyaga.

Bird hakujenga kitu kipya. Alichukua njia zilizokuwemo katika ramani, akapanga matembezi mafupi yanayoanzia kijijini, akatafuta wakazi wa kujitolea kuyaongoza, na kuwaalika wagonjwa wake. Matembezi hayakuwa na ada wala nguo maalumu. Waliokuja hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wajane, wastaafu, watu waliotoka hospitali baada ya maradhi ya moyo, na wengi wao walirudi wiki iliyofuata kwa sababu ya mazungumzo kuliko kwa sababu ya mapigo ya moyo. Mwaka 1998 kijiji hicho hicho kikaanzisha utaratibu mwingine, ambapo watu hufanya mazoezi kwa kufyeka vichaka na kutengeneza njia zenyewe. Mwaka 2000 taasisi ya moyo ya Uingereza na idara ya serikali ya mashambani zilikichukua kielelezo hicho na kukisambaza nchi nzima.

Haukupita mwaka kabla thamani ya njia hizo haijaonekana kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Februari 2001 ulizuka ugonjwa wa miguu na midomo ya mifugo. Kaunti zikafunga njia za mashambani, karibu zote, kwa hofu kwamba viatu vya watembeaji vingeueneza. Mamilioni ya wanyama yalichinjwa na kuchomwa. Lakini nyumba za wageni, migahawa na maduka ya vijijini nayo yalikaa matupu miezi kadhaa, na hesabu zilipofanywa ilibainika kwamba utalii ulikuwa umepoteza fedha nyingi kuliko kilimo chenyewe. Wakulima ambao kwa miaka mingi walikuwa wamewaona watembeaji kuwa kero, na wake zao walikuwa wakikodisha vyumba kwa watembeaji hao hao, walipata la kutafakari.

Majokofu na ramani za kodi

Nisimwache msikilizaji akidhani kwamba ugomvi umekwisha. Katika kijiji cha Framfield, kaunti ya East Sussex, kusini ya London, njia moja ya kale ilizibwa kwa miaka 13 katika ardhi iliyohusishwa na tajiri mmoja wa majumba. Juu yake palijengwa ghala, pakawekwa seng'enge, na kana kwamba hayo hayakutosha, pakarundikwa majokofu mabovu. Kaunti ilikuwa na wajibu wa kuifungua, ikawa inasitasita. Sheria ya mwaka 2000, ambayo pia ilifungua nyanda za juu zilizopiganiwa na Rothman, ndiyo iliyompa raia wa kawaida uwezo wa kuilazimisha kaunti kwa amri ya mahakama. Mwezi Februari 2003 kufuli ilikatwa, na watu wakapita.

Sheria hiyo hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Iliweka tarehe ya mwisho, 1 Januari 2026, ambapo njia za zamani zisizokuwemo katika ramani rasmi zingepoteza haki yake. Ile kanuni ya kale, kwamba njia ya umma haifi, ingekoma kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 chama cha watembeaji, Ramblers, kiliwaomba wananchi walinganishe ramani za zamani na za sasa. Katika majuma machache maelfu ya watu waliojitolea, wengi wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walibaini njia zilizosahauliwa zenye urefu unaokadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 78,000.

Kubaini ni jambo moja, kuthibitisha ni jambo jingine. Kila njia huhitaji faili lake: hati za wakazi wanaoapa kuwa wamepita hapo kwa miaka 20 bila kificho wala ruhusa, au nyaraka za zamani. Nyaraka hizo huwapeleka watafuta njia hadi Kew, magharibi mwa London, ziliko Nyaraka za Taifa, na huko ushahidi mmoja unaopendwa sana ni ramani za kodi ya ardhi za mwaka 1910. Wakati huo serikali ilitaka kuitoza kodi ardhi yote ya nchi, na mwenye shamba aliruhusiwa kupunguziwa thamani iwapo njia ya umma ilipita kwake. Wengi walidai punguzo hilo. Kwa hiyo kabaila ambaye mjukuu wake leo anaapa kwamba hapakuwahi kuwa na njia, ameacha katika kitabu cha kodi maelezo kwamba ilikuwepo, na kiasi cha pauni alichopunguziwa kwa ajili yake.

Tarehe ile ya mwisho ilisogezwa hadi mwaka 2031. Kisha mwezi Desemba 2024 serikali ikatangaza kwamba itaifuta kabisa. Wanaojitolea hawakuyafunga mafaili yao, kwa kuwa maombi yaliyokwisha kupelekwa katika halmashauri za kaunti ni maelfu, na maafisa wa kuyashughulikia ni wachache. Mzee aliyejaza hati akiwa na miaka 70 anaweza asiwepo siku mkaguzi atakapokuja kumuuliza ni wapi hasa lilipokuwa lango, na ni mwaka gani walipolifunga.